Almenda ya Biryogo

Alhamisi ile Léonce alitoka kwenda soko la Kimironko kununua uzi wa rangi ya divai, na hakurudi. Gauni alilokuwa akilishona lilibaki chini ya sindano ya cherehani, mkono mmoja umeshaungwa, mwingine unaning'inia kwa pini. Alimwambia mkewe, "Spès, usiliguse, nikirudi namalizia." Mkewe alikuwa mlangoni akikaza vifungo. Alimjibu bila kuinua kichwa kwamba asisahau na sindano za mkono. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho: sindano za mkono.

Mchana simu ya Spès iliita, namba ni ya Léonce, naye akapokea akicheka.

"Umesahau rangi?"

Ikajibu sauti ya mwanamke. Alikuwa muuza uzi wa Kimironko. Alisema mzee ameanguka mbele ya meza yake, kwamba gari la wagonjwa limekuja, kwamba madaktari wamefanya walichoweza. Moyo ulikuwa umesimama.

"Alikuwa anatusimulia habari za Almenda," mwanamke yule alisema, kama anayeomba radhi. "Alikuwa amefika kwenye ndege."

Mtu yeyote wa Biryogo, mtaa wao wa Kigali, angeelewa maneno hayo. Almenda ni kampuni ya nguo yenye maduka dunia nzima, na Léonce aliijua historia yake kama watu wengine wanavyojua ukoo wao. Aliiona mara moja tu, katika kipindi cha Kifaransa kwenye simu ya mteja aliyekuwa akingoja suruali yake ipigwe pasi. Tangu siku hiyo hakuna aliyevaa nguo ya Léonce bila kuisikia.

Hapo zamani, angeanza, palikuwa na kaka na dada katika mji wa bandari huko Ulaya, mji unaonuka samaki. Walishona aproni za wanawake wa kiwanda cha samaki wa makopo. Aproni zote zilifanana, na zote hazikuwa na mfuko. Ijumaa moja dada alisimama langoni mwa kiwanda akamsikia mwanamke akinung'unika kwamba hana pa kuweka funguo. Jumatatu aproni zikaja na mifuko.

"Mnaona?" Léonce angesema, mkasi ukiwa hewani. "Fundi mwingine angengoja mwaka ujao. Wao waliingoja Jumapili ipite tu."

Langoni pale likazaliwa duka moja lenye dirisha moja. Duka likazaa maduka, yakavuka mpaka, yakavuka bahari. Kila jioni wauzaji waliwaambia wakubwa wao kile kilichouzwa na pia kile mteja alichokiulizia akakikosa. Wakashona vipande vichache vya kila namna, ili mtu akiona nguo ajue kwamba asiponunua leo, kesho haipo. Meli zikawa za polepole mno kwao, wakaanza kupandisha magauni kwenye ndege kama mawaziri. Hapo kwenye ndege Léonce alipenda kutua, anywe chai, wasikilizaji wamwombe aendelee. Baada ya ndege zilikuja simu, watu wakawa wananunua wakiwa kitandani. Na baada ya simu, mwaka huu, Almenda ikafika Kigali, katikati ya mji, dirisha la kioo kutoka chini mpaka juu. Léonce alikwenda kulitazama akiwa amevaa koti lake la harusi. Hakuingia. Alisimama nje muda mrefu, akarudi na furaha ya mtu aliyemwona ndugu aliyepotea.

Zilikuwapo sehemu alizozipita mbio. Spès alisikia redioni habari za wanawake wanaoshona nguo za namna hiyo kwa ujira usiotosha chakula, na milima ya nguo zinazotupwa baada ya kuvaliwa mara mbili. Akamuuliza.

"Hayo yapo," alisema Léonce, akainamia cherehani. "Mimi nachukua mfuko wa aproni. Mengine nawaachia wenyewe."

Ule mfuko wa aproni ulikuwa ndio duka lao. Mteja aliyetoka bila kununua aliulizwa, "Ulikuwa unatafuta nini?" Jumamosi Spès alikwenda harusini, amealikwa au amejialika, akakaa karibu na mlango akitazama nguo zinavyoingia. Jumapili alimweleza mumewe: mikono inavimba mwaka huu, viuno vinapanda, kijani kimechosha watu. Léonce aliyaweka yote kichwani. Na kwa kuwa Almenda, kwa alivyoelewa yeye, hairudii nguo, naye hakurudia. Oda ikiisha alizikunja patroni, zile karatasi za kukatia, akampelekea muuza karanga wa pembeni afungie karanga. Mtaa mzima ulikula karanga kutoka kwenye kola na makwapa ya watu. Majirani Waislamu waliokuja kutaka kanzu kama ile ya mwaka jana walirudishwa.

"Hee, Léonce! Kanzu nayo ina mwaka jana?"

"Kwa Almenda kila kitu kina mwaka jana."

"Basi salamu kwa Almenda ya Biryogo," walimjibu, wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

Sasa aliyeyaweka yote kichwani alikuwa amezikwa Rusororo.

Matanga yalikaa nyumbani kwao, nyuma ya chumba cha kazi. Majirani walileta viti, chai, sinia za wali. Gaju, binti yao, alikuja kutoka shule ya bweni akalia mpaka sauti ikakauka. Cherehani mbili zilifunikwa vitenge, kwa sababu katika ukoo wa Léonce chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaondolewe. Gauni la rangi ya divai likabaki chini ya kitenge, limeng'atwa na sindano.

Lilikuwa la oda ya Mukashema, mfanyabiashara wa Kimironko aliyekuwa anamwoza binti yake Kirezi. Aliagiza magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi. Moja lilikuwa tayari, la pili ni hilo, na vitambaa vya mengine vilikuwa bado vimekunjwa. Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kuondoa matanga. Mukashema alikuja kuwapa pole, akakaa.

"Sema tu, Mama Kirezi," Spès alimwambia mwishowe. "Tangu ufike umekalia upande mmoja wa kiti."

"Naona haya, Mama Gaju. Wewe uko kwenye kilio, mimi niko na mambo ya magauni."

"Kilio na harusi ni majirani. Sema."

"Dada yangu anasema kule Almenda iko gauni rangi ileile, dirishani. Anasema tuchukue hizo, tusikusumbue."

"Léonce alikupa ahadi."

"Ndiyo, Léonce. Lakini Léonce..." Mukashema akaishia hapo.

"Léonce tumemlaza Rusororo. Ahadi iko hapa."

"Na nani atakata?"

"Mimi."

Spès alilisikia jibu hilo kwa mara ya kwanza pamoja na mgeni wake. Mukashema alipoondoka, Raïssa, msichana mshonaji aliyefanya kazi nao tangu atoke Bujumbura, alisogea na birika la chai.

"Mama, umewahi kukata?"

"Vitunguu."

Raïssa alicheka, akajiziba mdomo kwa ajili ya waombolezaji.

Spès alijua kukaza vifungo, kupiga pindo kwa mkono, kusema na wateja. Mkasi mkubwa ulikuwa wa Léonce. Lakini alijua pia kitu kingine, nacho kilimkosesha usingizi: mlango ule ukifungwa, Léonce atakuwa amekufa Kimironko na Biryogo pia.

Kubwimana, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshaliwaza jambo hilo kwa namna yake. Hakuwa mtu mbaya. Alilipia jeneza bila kuombwa. Jioni moja alimwita Spès kando.

"Shemeji, chumba cha mbele kuna mtu wa kutengeneza simu anakitaka. Hatukufukuzi, elewa. Kule kwangu Kagugu kuna nafasi, yako na ya Gaju. Cherehani tutauza."

"Na kazi?"

"Kazi gani? Mtu wa kushindana na ndege kwa cherehani ya miguu alikuwa mdogo wangu peke yake. Na tumemzika."

Spès alichukua vikombe akaenda kuvisuuza. Hasira ingempotezea maneno, naye aliyahitaji.

Siku ya kuondoa matanga, Kubwimana alikuja na jembe kutoka Kagugu, limeoshwa, mpini wake umepanguswa. Ndiyo ilikuwa desturi yao: siku hiyo anayeipokea kazi ya marehemu hupiga jembe la kwanza ardhini mbele ya ukoo, kisha kila mtu anaruhusiwa kurudi kazini kwake. Biryogo haina mashamba. Wakachagua kiukanda cha udongo kando ya mfereji. Kubwimana akasimama.

"Kwa kuwa kazi ya mdogo wangu imekoma naye, nalipiga mimi, kama mkubwa. Kisha tutawanyike kwa amani."

"Kaka, ngoja," alisema Spès.

Watu wakageuka. Mjane hasemi kabla ya wakubwa kumaliza.

"Léonce hakulima hata mchicha. Ukipiga jembe hilo, unaipokea kazi gani? Kama tunapokea kazi yake, chombo chake kiko ndani, kimefunikwa. Nipeni nikifunue."

"Desturi ni jembe, shemeji."

"Ya wakulima," ikasema sauti kutoka kwenye viti. Alikuwa shangazi yao Cécile, mwanamke mnene aliyekuwa akila kimya tangu asubuhi. "Babu yenu alikuwa mhunzi. Siku yake tulipiga nyundo, nyumba nzima ikaziba masikio. Wewe Kubwimana ulikuwa unanyonya, huwezi kukumbuka. Mwache mtoto wa watu apige chombo chake. Na mtu anipe soda."

Watu walicheka, wa kwanza wakiwa majirani. Kubwimana alilishusha jembe.

"Sawa. Piga. Lakini tuseme mbele ya hawa wote: magauni ya Mama Kirezi yasipofika harusini, chumba nakipangisha, na hatutagombana."

"Hatutagombana," alisema Spès.

Akaingia, akaondoa kitenge. Uzi wa rangi ya divai ulikuwa umerudishwa na nguo za marehemu, ulikutwa mfukoni mwake. Akautunga. Watu wakajaa mlangoni. Akaweka miguu, akazungusha gurudumu, cherehani ikaanza kunguruma. Akauunga mkono ule uliokuwa unaning'inia, mpaka mwisho. Mshono ulipinda kama njia ya mlimani.

"Nitaufumua kesho," Raïssa alimnong'oneza.

"Utaufumua. Leo acha waushuhudie."

Kesho yake walianza. Patroni hazikuwapo, zilikuwa zimeliwa na karanga. Spès akachukua lile gauni moja lililokamilika, akalifumua mshono kwa mshono, akalitandaza vipande juu ya karatasi, akachora kwa chaki kukizunguka kila kipande, akipanua na kupunguza kwa mwili wa kila msichana. Mkasi wa Léonce ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na pete zake za kushikia zilikuwa pana kwa vidole vyake. Akafunga kitambaa kwenye pete, akakata. Alikata siku nzima bila kula. Alijiona anaweza.

Jumatatu Raïssa alipoanza kuunga mikono ndipo waligundua. Kitambaa kilikuwa na upande unaong'aa na upande uliofifia, na Spès alikuwa amekikunja vibaya. Mikono yote aliyoikata ilikuwa ya upande wa kushoto.

Raïssa aliipanga mezani, akaitazama.

"Labda wasindikizaji wabebe maua kwa mkono wa kulia," alisema, "uwe umefichika."

Spès alicheka, kisha kicheko kikamgeukia. Akatoka akakaa kwenye ngazi. Kitambaa hakikutosha tena. Alifikiria uso wa Kirezi kanisani, wasichana sita wamevaa mabaki. Ahadi ya Léonce aliichukua yeye, lakini harusi ilikuwa ya mtoto wa watu. Akanawa uso, akapanda basi kwenda mjini. Alikusudia kuliona gauni la Almenda kwa macho yake, na kama ni zuri, ampigie Mukashema simu kabla ya jua kuzama, amwachilie.

Ndani ya Almenda palikuwa na baridi na harufu ya karatasi mpya. Gauni lilikuwapo, rangi ileile, limevalishwa sanamu isiyo na kichwa. Spès aligeuza pindo, akatazama mshono wa ndani. Ulikuwa mshono wa mtu mwenye haraka, lakini ulinyooka. Muuzaji akaja, binti mrefu mwenye Kiswahili cha Kampala, jina lake Trinah limebandikwa kifuani.

"Karibu, mama. Unapenda hiyo?"

"Nahitaji sita. Wasindikizaji wa bibi harusi. Mmoja ni mwembamba kama wewe, mmoja ni kama mimi, mmoja ana mimba."

"Aa, mama!" Trinah alicheka. "Iko tatu tu, na zote ni za wembamba."

"Zingine zinakuja lini?"

"Hazikujagi tena. Hapa ikiisha, imeisha. Wiki ijayo dirisha lote tunabadilisha."

Ilikuwa kama kumsikia Léonce. Spès aliliachia pindo. Alipoinua macho, aliona ukuta wa nyuma, mbali na dirisha, pale ambapo mtu aliyesimama nje hawezi kupaona. Mashati meupe yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Suruali nyeusi. Sketi nyeusi za kawaida kabisa. Watu walikuwa wengi huko kuliko mbele.

"Na zile?"

"Zile hazibadiliki, mama. Tangu tumefungua ni zilezile. Watu wa ofisi wananunua, zikichakaa wanarudi kununua zilezile." Trinah akashusha sauti. "Meneja anasema dirisha ni la kuita watu. Zile ndizo zinalipa umeme."

Spès alisimama akilitazama shati jeupe. Miaka yote ile Léonce aliijua Almenda ya dirishani. Hakuna aliyemsimulia ukuta wa nyuma, wala hakuthubutu kuvuka mlango akauona. Alimwonea huruma, kisha akamkasirikia, kisha akatamani arudi nyumbani amweleze, na hapo ndipo alipomkosa kuliko siku zote za matanga.

Alipogeuka kutoka, Trinah alimfuata mpaka karibu na mlango.

"Samahani, mama, lazima tuulize kila mtu. Ulikuwa unatafuta nini ukakosa?"

"Magauni sita yanayofanana, ya miili sita isiyofanana."

"Eh, hiyo hata nikiwaambia wakubwa hawataweza. Hiyo nenda kwa fundi, mama."

"Naenda," alisema Spès.

Hakupanda basi la nyumbani. Alipanda la Kimironko. Alipita mbele ya meza ya uzi, mahali pale penyewe. Muuza uzi akasimama, wakashikana mikono, kisha Spès akaendelea mpaka kwa muuza vitambaa. Lile jora la rangi ya divai lilikuwa limebaki kipande. Akakipima kwa mkono wake mwenyewe, akampigia Mukashema.

"Mama Kirezi, mikono itaishia kwenye kiwiko."

"Kiwiko? Kanisani? Padri atasemaje?"

"Padri ataona viwiko vimefunikwa. Na magauni yote yatafanana, mwenye mimba na asiye na mimba. Almenda wana matatu ya wembamba. Nimetoka huko sasa hivi."

"Umekwenda kule mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu."

"Mama Gaju, wewe una kichwa kigumu. Haya, kiwiko."

Safari hii alikunja kitambaa mara mbili, akamwita Raïssa aje akitazame, akamwita na jirani. Ndipo akakata mikono ya kulia. Ile ya kushoto aliipunguza ifike kiwiko, na ya magauni mawili ya kwanza pia. Walishona zamu kwa zamu, mmoja akichoka miguu mwenzake anakaa. Mshono uliopinda ulifumuliwa ukashonwa upya. Aliyekuwa na mimba alikuja kujaribu mara mbili, kwa sababu tumbo halikumngoja fundi. Ijumaa jioni magauni sita yalitoka Biryogo yamening'inizwa ndani ya gari la Mukashema, na Spès akalala bila kuvua viatu.

Harusini alikaa karibu na mlango. Wasichana waliingia wawili wawili, rangi moja, urefu mmoja wa pindo, na hakuna aliyetazama kiwiko cha mtu. Mwanamke wa kiti cha mbele alimgeukia mwenzake akauliza ni nani aliyeshona. Mukashema, aliyekuwa akipita na mushanana wake, vazi la heshima lililofungwa begani, alisikia, akamnyooshea Spès kidole mbele ya watu wote.

Kubwimana alikuja Jumatatu. Mlangoni alimkuta mzee wa jirani amesimama mikono imepanuliwa, Spès akimpima mabega.

"Kanzu," mzee alimweleza Kubwimana. "Ileile ya miaka yote. Nimesikia siku hizi Almenda inarudia."

Kubwimana alitazama ukutani. Patroni za magauni zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari, kila moja imeandikwa jina la aliyeshonewa. Akavuta kiti akakaa.

"Yule mtu wa simu nimwambie nini?"

"Mwambie chumba kina kazi."

Alikaa kidogo, akanywa chai, akauliza habari za Gaju shuleni. Alipoondoka aliacha suruali yake ipunguzwe kiuno.

Sasa Spès hukata mwenyewe, Raïssa hushona. Jumamosi moja hadi nyingine kuna wasindikizaji wa bibi harusi wa mtu fulani, na katikati ya wiki kuna kanzu. Ijumaa duka hufunguliwa baada ya sala ya adhuhuri, wenye kanzu wakitoka msikitini.